Japa hatua kwa hatua: namna ya kuvuta mala ya shanga 108

Japa ni kulirudia jina la Mungu au mantra fupi, yaani maneno matakatifu, tena na tena, huku vidole vikihesabu kwa shanga za mala. Msomaji wa Pwani hahitaji maelezo marefu hapa: ni ibada ya jamii ya uradi, ila majina yanayotajwa ni ya Rama, Krishna, Shiva, Narayana au Devi (mungu wa kike), na shanga ni 108 badala ya 99 au 33 za tasbihi. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki, ambao wazee wao walitoka Gujarat, Kutch na Punjab, huifanya nyumbani kabla ya chai ya asubuhi, na jirani wa mlango wa pili asijue kitu. Kinachosikika hadi mtaani ni bhajan na kirtan, yaani kuimba kwa pamoja kwa ngoma na matoazi. Hizo zina mambo yake, na hapa sitazigusa.

Nianze na jambo moja ambalo vitabu vingi vya kuanzia hulitaja mwishoni, kama wakilikumbuka. Japa hufanywa kwa sikio kuliko kwa mdomo. Mdomo ukishazoea utataja jina wenyewe huku wewe unawaza ada ya shule na bei ya unga. Kazi yenyewe ni kulisikia kila jina linapotoka. Karibu kila kanuni utakayoikuta hapa chini, ya saa, ya mkao, ya kasi, hata ya kidole gani kiguse ushanga, iliwekwa ili sikio lisisinzie.

La pili: hii ni ibada. Siku hizi kuna wanaoinadi kama zoezi la kutuliza mawazo tu, lisilo na dini ndani yake. Sikubaliani nao. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 10, mstari wa 25, Krishna anasema kwamba katika sadaka zote yeye ni sadaka ya japa. Anayelitaja jina anamwita mwenye jina. Msomaji wa dini nyingine anayesoma kwa kutaka kujua anakaribishwa, ila ajue anachokisoma.

Hatua ya kwanza: chagua mantra moja, utulie nayo

Kama umezaliwa katika nyumba ya Kihindu, swali hili huenda limeshajibiwa zamani. Muulize ba, yaani bibi yako, anavuta jina gani. Ukoo wa Swaminarayan utakuambia “Swaminarayan”, jina ambalo Sahajanand Swami (1781–1830) aliwapa wafuasi wake huko Gujarat mwaka 1801. Nyumba ya wafuasi wa Shiva itakuambia “Om Namah Shivaya”. Chukua hiyo hiyo. Mantra iliyokwisha kutamkwa nyumbani kwenu vizazi vitatu huna haja ya kuitafutia cheti.

Kama unaanza bila urithi huo, hizi ndizo zilizo wazi kwa kila mtu.

“Om Namah Shivaya” ni ya Shiva. Ukiiondoa Om inabaki na silabi 5, na chimbuko lake ni Yajurveda, mojawapo ya Veda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu, ndani ya sala ndefu iitwayo Rudram. Ni fupi, ni nyepesi kwa ulimi wa Mswahili, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa mtu asiyejua aanze na ipi.

“Om Namo Narayanaya” ina silabi 8 na “Om Namo Bhagavate Vasudevaya” ina 12. Zote mbili ni za Vishnu. Ya pili ndiyo ambayo, katika Bhagavata Purana, mwenye hekima Narada anampa mtoto Dhruva aliyekwenda msituni kumtafuta Mungu baada ya kukatazwa kukaa kwenye paja la baba yake.

“Shri Ram Jay Ram Jay Jay Ram” ni ya Rama. Mjini Jamnagar, Gujarat, mji ambao Wahindi wengi wa Kenya na Tanzania wanautaja wakisimulia asili ya koo zao, kuna hekalu la Bala Hanuman kando ya ziwa ambamo maneno haya yanaimbwa mchana na usiku bila kukatika tangu tarehe 1 Agosti 1964. Watu hupokezana zamu. Na Porbandar, bandari nyingine ya pwani hiyo hiyo, ndiko Mohandas Gandhi alikozaliwa. Alikuwa mtoto mwoga wa mizimu, na mtumishi wa nyumbani kwao aitwaye Rambha akamwambia dawa ya woga ni kulitaja jina la Rama. Aliendelea nalo mpaka uzeeni. Jina tupu, “Ram”, bila Om wala maneno mengine, linatosha kabisa kwa japa.

Kisha kuna mahamantra: “Hare Krishna Hare Krishna, Krishna Krishna Hare Hare, Hare Rama Hare Rama, Rama Rama Hare Hare”. Majina 16, silabi 32. Ilienezwa Bengal na Odisha na Chaitanya (1486–1534), na ndiyo ya ISKCON, jumuiya iliyoanzishwa New York mwaka 1966 na A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada. Prabhupada mwenyewe alifika Mombasa na Nairobi mwaka 1971, akawahimiza wafuasi wake wasiifungie ibada hii kwa Wahindi peke yao bali wawafungulie Waafrika milango. Ndiyo maana leo ukienda hekalu la Ngara, Nairobi, unaweza kumkuta Mkikuyu au Mluo ana mala mfukoni na anakueleza kanuni zake kwa Kiswahili.

Gayatri nayo haina budi kutajwa, kwani ndiyo mama wa mantra za Veda: Rigveda 3.62.10, silabi 24, inayomwelekea Savitri, jua kama mwamshaji wa akili. Kwa desturi mtu huipokea siku ya kuvishwa uzi mtakatifu. Arya Samaj, jumuiya ya Kihindu iliyoanzishwa Mumbai mwaka 1875 na Dayananda Saraswati na kufika Afrika Mashariki enzi za ukoloni, inaifundisha kwa wote, wanawake kwa wanaume. Kama huna wa kukufundisha, iache kwanza, kwa sababu za matamshi nitakazozieleza.

Zipo pia mantra za mbegu, zenye silabi kama hrim na klim. Hizo hazichukuliwi kwenye video. Hupokelewa kwa guru (mwalimu wa kiroho), kwa diksha, yaani kuingizwa rasmi kwenye mapokeo, naye guru ndiye anayepanga idadi, saa na masharti. Majina ya Mungu hayana mlinzi mlangoni. Mantra za mbegu zinaye.

Ukishachagua, usibadilishe. Anayebadilisha mantra kila Jumatatu ni kama mchimba kisima anayehama shimo kila akifika futi 5.

Hatua ya pili: rekebisha ulimi

Mswahili ana faida na ana mtego.

Faida ni kwamba irabu zetu ni safi na zinasomeka kama zilivyoandikwa. “Namo” ni namo, “Rama” ni Rama. Wazungu huhangaika sana hapo.

Mtego uko kwenye herufi pacha. Ukiona dh, th, kh au gh katika mantra iliyoandikwa kwa herufi za Kirumi, ulimi wako utakimbilia dhahabu, thamani, kheri na ghali. Sivyo. Katika Kisanskriti h hiyo ni pumzi inayofuata herufi. “Dhimahi” ya Gayatri huanza na d ya dada, kisha pumzi inatoka kifuani: d-himahi. “Bhagavate” ni b yenye pumzi, na “Radha” inamalizikia kwa d yenye pumzi, wala si ile sauti ya radhi. Anayetoka Mombasa au Lamu atalielewa hili upesi kuliko mtu wa bara, maana lahaja yake bado inatofautisha paa la nyumba na p’aa mnyama kwa pumzi hiyo hiyo. Weka kiganja mbele ya mdomo, sema p’aa, halafu bha. Pumzi lazima igonge kiganja.

Mtego wa pili ni kuongeza irabu kati ya konsonanti. “Kirishina” siyo jina. Kr zishikane, na shn zishikane. Wagujarati wengi watakutamkia “Krushna”, wengine “Krishna”. Fuata wa hekalu lako, usibishane.

Mtego wa tatu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na Kisanskriti huangalia urefu wa irabu. “Narayana” huvutwa kwenye ra, Naaraayana, haitamkwi Narayana yenye mkazo kwenye ya ya tatu. “Rama” ina a ndefu mwanzoni. Na “Namah” ina h hafifu mwishoni, kama mtu anayeshusha pumzi. Usiigeuze kuwa silabi nzito ya tatu.

Tafuta mtu mmoja anayejua, akusikilize dakika tano. Pujari, yaani kuhani wa hekalu, hatakukatalia ukimwendea baada ya arti (ibada ya kuzungusha taa), wakati watu wanagawiwa prasad, chakula kilichobarikiwa. Lakini usiahirishe japa kwa kungoja ulimi ukamilike. Wahindu wenyewe wana hadithi ya Valmiki, mnyang’anyi wa porini aliyeshindwa kulitamka “Rama”, akaambiwa aseme “mara, mara, mara” mfululizo mpaka likageuka lenyewe mdomoni kuwa Rama. Ndiye anayehesabiwa kuwa mtunzi wa Ramayana.

Hatua ya tatu: tafuta mala

Mala kamili ina shanga 108 na ushanga mmoja wa ziada, mkubwa au wenye kishada, uitwao sumeru au meru. Huo wa ziada hauhesabiwi. Kwa nini 108? Kila mwalimu ana jibu lake: makundi ya nyota 27 mara robo 4 za kila kundi, au nyumba 12 za falaki mara sayari 9. Jibu la kivitendo ndilo linalonipendeza: watu wengi huhesabu mala moja kuwa 100, na zile 8 huachwa kufidia zilizoharibika kwa kukosea au kusinzia.

Malighafi hufuata mungu unayemwelekea. Wafuasi wa Vishnu, Krishna na Rama hutumia mti wa tulsi, ndugu wa mrehani wetu. Wafuasi wa Shiva hutumia rudraksha, mbegu ngumu ya kahawia yenye mikunjo. Ile ya nyuso tano ndiyo iliyozagaa na ya bei nafuu, na inatosha. Msandali unafaa kwa wote. Mbegu za yungiyungi hutumiwa kwa Lakshmi, na jiwe la bilauri kwa Devi.

Ukiwa Dar es Salaam, anzia Kisutu, mtaa wenye mahekalu mengi ya Kihindu, uulize kwenye maduka ya vifaa vya puja, yaani ibada. Nairobi na Mombasa, uliza kwenye mahekalu yenyewe. Kabla hujalipa, fanya mambo haya papo hapo dukani. Hesabu shanga, maana mala za kitalii mara nyingi hupungua au kuzidi. Angalia kama kuna fundo kati ya ushanga na ushanga. Yenye fundo hukupa nafasi ya kidole na hulinda zisitawanyike uzi ukikatika. Vuta shanga kumi kwa dole gumba: zikikwaruza au zikikwama, acha, kwa sababu zitakusumbua kila asubuhi. Shanga za milimita 8 hivi zinashikika vizuri kwa mtu mzima. Za mapambo, nyembamba kama punje ya mtama, ni za shingoni.

Mala ya kuvaa iwe yake na ya kuvuta iwe yake. Ya kuvuta haiwekwi sakafuni, haiingii msalani, na haiazimwi. Nunua na gomukhi, mfuko wa kitambaa ambao mkono huingia na mala ikazunguka ndani bila kuonekana. Mfuko una kitobo cha pembeni, na kazi yake utaiona hivi punde.

Hatua ya nne: saa na mahali

Wakati unaosifiwa kuliko wote ni brahma muhurta, unaoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kudumu dakika 48. Jua likichomoza Nairobi saa 12:30, basi ni kuanzia saa 10:54 hadi saa 11:42 alfajiri. India saa hii huhamahama sana kati ya kiangazi na baridi. Sisi tulio karibu na Ikweta tunaweza kuipanga mara moja na isisogee sana mwaka mzima. Katika miji yetu ndio wakati adhana ya alfajiri inapopanda pia. Wala hiyo si kero: wazee wengi wa Kihindu wa Mombasa huamkia adhana hiyo hiyo.

Usipoweza, jua linapochwea ni wakati mwema wa pili. Usipoweza hata huo, chagua dakika kumi zako ukazishika. Mtu wa daladala saa 12 asubuhi naye ana japa yake, ya moyoni. Chaitanya alifundisha kwamba kulikumbuka jina hakuna saa iliyokatazwa.

Mahali pawe pale pale kila siku. Kona ya chumba yenye picha au murti (sanamu ya ibada), taa ndogo ya samli, kijiti cha udi ukitaka. Simu ibaki chumba kingine.

Hatua ya tano: keti

Nawa au oga, sukutua mdomo. Tandika kitambaa au mkeka. Usikae sakafuni moja kwa moja. Elekea mashariki au kaskazini. Miguu ikunjwe, mgongo, shingo na kichwa viwe mstari mmoja, kama Gita sura ya 6 inavyoelekeza. Mwenye magoti mabovu aketi kitini, nyayo zikiwa juu ya kitambaa, na asijione amepungukiwa.

Msalimu guru na Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, kwa maneno machache. Kisha weka nia, sankalpa: “Leo nitavuta mala moja ya jina hili kwa ajili ya Bwana.” Itaje idadi wazi, na iwe ndogo unayoiweza.

Hatua ya sita: kuvuta ushanga

Hapa nenda polepole, kwa sababu wengi hujifunza vibaya halafu huchukua mwaka kujisahihisha.

Shika mala kwa mkono wa kulia. Iguse kwenye paji la uso au machoni kwa heshima. Ining’inize juu ya kidole cha kati. Kidole cha pete kinaweza kukaa karibu kusaidia kubeba. Kidole cha shahada kinyooshwe pembeni, kisiguse shanga kabisa. Ndicho kidole cha kunyoshea watu, cha kushutumu, na mapokeo yanakihesabu kuwa cha nafsi yenye kiburi. Ndani ya gomukhi, kitobo kile cha pembeni ni cha kukitoa nje kidole hicho.

Anza na ushanga ulio jirani na sumeru. Ubane kati ya dole gumba na ncha ya kidole cha kati. Sema mantra nzima, tangu silabi ya kwanza mpaka ya mwisho, ushanga ukiwa bado umebanwa. Ikiisha ndipo dole gumba liusukume ushanga kuja kwako, na unaofuata uingie. Kosa la kawaida ni vidole kutangulia: mantra haijaisha na ushanga umeshapita. Likitokea, irudie mantra kwenye ushanga ulionao. Usirudi nyuma.

Utaendelea hivyo mpaka ufike tena kwenye sumeru. Usiivuke. Huo ndio mlima, na mlima haukanyagwi. Kama unaendelea na mzunguko wa pili, geuza mala: kwa dole gumba na kidole cha kati izungushe ili ushanga wa mwisho uwe sasa wa kwanza, kisha rudi ulikotoka. Kugeuza bila kutumia kidole cha shahada wala mkono wa kushoto kunahitaji mazoezi kidogo; jaribu pembeni kabla hujaketi.

Faida ya sumeru utaiona baada ya muda. Mtu aliyezama kwenye mawazo huzunguka na kuzunguka bila kujua. Kidole kikigonga ule ushanga mkubwa kinasimama, na mwenyewe anazinduka.

Hatua ya saba: sauti

Kuna namna tatu. Vachika ni ya kusikika na aliye karibu. Upamshu ni ya mnong’ono: midomo inatikisika, na wewe peke yako ndiye unayesikia. Manasika ni ya moyoni, midomo imefungwa na ulimi umetulia. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha Kihindu, zinasema ya mnong’ono ina ubora mara 100 na ya moyoni mara 1,000 ya sadaka ya kawaida ya moto.

Msomaji akiona takwimu hizo hurukia ya moyoni siku ya kwanza, na baada ya dakika tatu amelala. Anza na sauti. Sauti ndogo, ya mazungumzo, inayotosha sikio lako mwenyewe. Ukiona umeweza mala nzima bila kupotea, shuka kwenye mnong’ono. Ya moyoni itakuja yenyewe, mara nyingi ukiwa kwenye foleni ya benki, wala hukuipanga. ISKCON wao hushikilia kwamba japa ya kila siku isikike, na miongoni mwa makosa dhidi ya Jina wanayoonyana ni kulitaja bila kulisikiliza.

Hatua ya nane: kasi na hesabu

“Om Namah Shivaya” kwa sekunde tatu kila moja, mala moja ni dakika tano na nusu hivi. Mahamantra humchukua mzoefu dakika 7 au 8. Anayeanza, 10 na zaidi. Gayatri kwa sekunde kumi ni dakika 18. Ukijikuta umemaliza mahamantra kwa dakika 4, umemeza silabi.

Anza na mala moja kila siku, siku 40. Siku ya homa pia, siku ya harusi pia, hata kama ni kitandani. Baada ya hapo ongeza moja. Waliopewa diksha ISKCON huvuta mizunguko 16 kila siku, yaani mantra 1,728, karibu saa mbili, na utawakuta wengine wakiimalizia njiani. Kuihesabu mizunguko hutumika shanga ndogo za pembeni zilizofungwa kwenye uzi wa mfuko, au kile kidude cha kubonyeza cha kidoleni. Sina ugomvi na kidude, ila kisichukue nafasi ya mala: kubonyeza ni kwepesi mno.

Walio na guru huweza kuingia purashcharana, ahadi ya laki 1 kwa kila silabi ya mantra. Kwa mantra ya silabi 5 ni laki 5. Ukivuta mala 10 kwa siku na kuhesabu kila moja kuwa 100, ni siku 500, kisha hufuata sadaka za moto, za maji na kulisha watu. Usiitie mguu kwa kusoma tu.

Mambo yatakayokusumbua

Mawazo. Yatakuja, na hakuna anayekuomba uyafukuze. Ukigundua umepotea, ongeza sauti kidogo kwa shanga tatu au nne, kisha shusha. Wengine hupenda kuyafungulia macho maandishi ya mantra au picha ya murti.

Usingizi. Fungua macho, simama, vuta ukitembea pole chumbani. Mala ya tatu huku unasinzia ni heri uiache uoge kwanza.

Koo kukauka. Una sauti kubwa mno. Shuka.

Hedhi na siku za matanga. Desturi hutofautiana. Katika nyumba nyingi mala haiguswi siku hizo na japa hufanywa moyoni; katika mapokeo ya Chaitanya mwanamke haachi mala yake. Fuata ya nyumba yako au ya guru wako, usichukue ya mtandaoni.

Uzi kukatika. Si mkosi. Kusanya shanga kwenye kitambaa safi, zihesabu, umpelekee anayejua kuzitunga upya. Rudraksha ipakwe mafuta kidogo mara kwa mara isipasuke, tulsi isilowekwe.

Kumaliza

Usiruke kama aliyesikia honi ya basi. Gusa mala kwenye paji la uso, irudishe mfukoni, kaa dakika mbili bila kusema kitu. Kisha kabidhi: “Nilichokifanya, kizuri na kibovu, ni chako.” Inama, inuka. Kitambaa ulichokalia kikunjwe, na kisitumiwe kwa kazi nyingine.

Ukiwa huna mala

Tumia pingili za vidole vya mkono wa kulia, huitwa karamala. Dole gumba ndilo linalotembea. Moja: pingili ya kati ya kidole cha pete. Mbili: ya chini ya kidole hicho hicho. Tatu, nne na tano: kidole cha mwisho, kutoka chini kwenda ncha. Sita: ncha ya kidole cha pete. Saba: ncha ya kidole cha kati. Nane, tisa na kumi: kidole cha shahada, kutoka ncha kushuka chini. Pingili mbili za chini za kidole cha kati hazikuguswa. Hizo ndizo sumeru ya mkononi. Kila kumi ikitimia, songeza pingili moja ya mkono wa kushoto kwa mpango huo huo. Mikono yote miwili ikijaa ni 100, ongeza 8.

Japa ya kuandika

Wale ambao sikio lao halitulii kabisa wana njia nyingine, likhita japa, ambayo Swami Sivananda (1887–1963) wa Rishikesh aliihimiza sana. Nunua daftari la shule la mistari na kalamu ya wino mwekundu, rangi wanayoipenda wengi kwa kazi hii. Keti kama ulivyokuwa ukiketi kwa mala. Andika mantra yako mstari kwa mstari, nusu saa, bila kuzungumza na mtu, huku ukiitaja moyoni kwa kasi ya kalamu. Hati yoyote inafaa, Kirumi pia. Andika jina zima kila mara. Hakuna kuweka vialama vya “kama hapo juu”. Na daftari likijaa lisiachwe jikoni likaishia kufungia karanga. Lipeleke hekaluni wakuambie wanayahifadhi wapi, au liweke kwenye kabati la puja chini ya picha.